Kengele ya Mlangoni Iliyonyamaza

Kila siku baada ya shule, Spana alivua sare, akala chakula chake harakaharaka, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma hadi karakana ya baba yake. Spana halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alipokuwa na miaka minne aliambiwa alete nyundo, akaleta spana. Alipoambiwa amekosea, akarudi mbio na spana nyingine kubwa zaidi. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na vifaa vyote vya karakana alivijua hata kwa kuvipapasa.

Baba yake alikuwa fundi wa vyuma. Alichomelea madirisha na kuunda majiko, lakini kilichompa sifa mtaani ni kengele ya mlango ya kuwafichua wezi, aliyoibuni mwenyewe. Haikutumia umeme wala betri. Ilikuwa kisanduku cha mbao kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na springi kama ya saa ya mezani, kikombe cha chuma na kinyundo. Ubavuni kilitokeza kipande cha chuma walichokiita ulimi, kilichoegemea fremu. Mwenye nyumba aliitega kengele akiwa ndani, anapopumzika au anapofanya kazi za uani. Mtu akifungua mlango hata kwa upana wa kidole, ulimi ulifyatuka, springi ikajikunjua, na kinyundo kikagonga kikombe dakika nzima bila kupumua. Watu wa mtaa waliiita "mbea", kwa sababu hakuna aliyeingia ndani asitangazwe.

Kazi ya Spana ilikuwa kukaza springi kwa ufunguo, mizunguko ishirini kamili, kisha kuijaribu kengele kwenye mlango wa majaribio. Mlango huo ulisimama peke yake katikati ya karakana, hauna ukuta kushoto wala kulia. Wateja wengine, badala ya kuupita, waliuzunguka wakicheka.

Siku moja, wakiwa wawili tu, baba alichukua rula ya chuma akaipenyeza kati ya mlango na fremu. Akaukandamiza ulimi kwa ncha ya rula, akafungua mlango taratibu. Kengele ikanyamaza kimya. Baba akakunja uso.

"Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Hii ni kasoro. Nitaitafutia dawa. Kwa sasa ibaki kati yangu na wewe. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu, baba."

Lakini kazi zilikuja juu ya kazi. Leo dirisha la huyu, kesho geti la yule, na dawa ya kasoro ikawa ya kesho kila siku. Wakati huo kengele saba zilikuwa zimeshafungwa kwenye milango saba ya mtaa.

Jumamosi moja, baba alipokwenda kununua vyuma, wanafunzi wenzake wanne walimtembelea Spana karakanani. Miongoni mwao alikuwemo rafiki yake aliyeitwa Redio, msichana mchangamfu ambaye akisikia jambo asubuhi, mchana limeshafika kila kona. Spana aliwaonyesha kengele ikilia. Wakaziba masikio, wakacheka. Halafu mmoja wao akapiga miayo.

"Kumbe ni kelele tu," alisema. "Nilidhani kuna maajabu."

Maneno hayo yalimchoma Spana. Alitaka wamwone kuwa yeye si mkaza springi tu. Akajikuta ameshika rula ya chuma.

"Mnataka maajabu? Tazameni. Hili tunalijua watu wawili tu duniani, mimi na baba."

Akapenyeza rula, akakandamiza ulimi, akafungua mlango. Kimya. Wenzake wakapiga makofi, Redio akampigia na vigelegele, na kichwa cha Spana kikavimba.

"Lakini msimwambie mtu," alisema, meno yote nje.

"Mimi tena!" Redio alijibu. "Niite kaburi."

Jumanne iliyofuata, Spana alipokuwa anarudi kutoka shule, aliona watu wamejaa mbele ya nyumba ya Bi Mshonaji. Bi Mshonaji alikuwa mjane mzee aliyesikia kwa sikio moja tu, tena kwa shida. Alishona sare za shule, na kengele ya fundi ilikuwa mlinzi wake, kwani sauti yake ilimfikia hata akiwa uani. Mchana huo alikuwa uani akianika vitambaa. Kengele ilikuwa imetegwa, naye hakusikia kitu. Aliporudi ndani, meza ilikuwa tupu. Cherehani yake ilikuwa imekwenda.

Alikaa kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani, kama mtu aliyesahau ilikuwa inafanya nini. Sare zilizokatwa zilikuwa zimerundikana miguuni pake. Baba yake Spana alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango akiikagua kengele. Akaitega, akafungua mlango, nayo ikalia kwa nguvu zake zote.

Jirani mmoja, muuza mkaa, alikunja mikono kifuani.

"Mimi simsemi mtu, nauliza tu," alisema. "Kengele nzima. Haikuvunjwa, haikung'olewa. Aliyeingia alijua pa kuishika. Sasa nani anayeijua kuliko aliyeitengeneza?"

Macho yote yalimgeukia fundi. Baba hakujitetea. Aliinua uso, akamtazama Spana aliyesimama mlangoni na mkoba wake. Spana akainamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto.

Jioni hiyo baba alimwita karakanani.

"Mwanangu, ile habari ya rula. Ulimwambia mtu?"

Hapo ndipo Spana angeweza kuyamaliza. Badala yake alitikisa kichwa.

"Hapana, baba."

"Basi nakuamini," baba alisema, akamshika bega.

Afadhali angempiga. Usiku Spana hakupata usingizi, bega lile likawa linamwelemea kama limewekewa gunia. Siku iliyofuata mama yake alirudi kutoka bombani na ndoo nusu. Alipoulizwa alisema wanawake walinyamaza alipofika, naye hakuweza kusubiri ijae katikati ya kimya kile. Siku hiyohiyo wateja walianza kurudisha kengele. Wengine waliziweka mlangoni mwa karakana bila hata kubisha hodi. Baba aliziokota moja moja, akazipanga kwenye rafu, akarudi kukaa mbele ya mlango wake usio na ukuta. Spana alimwona kupitia ufa wa mbao. Alijichukia kupita kiasi.

Alhamisi mchana, Redio alimjia mbio njiani.

"Umesikia? Watu wamekusanyika kwa Bi Mshonaji. Muuza mkaa anasema baba yako apelekwe polisi!"

Spana alitimua mbio, mkoba ukimpiga mgongoni, Redio akimfuata huku akihema. Alipofika, baba yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, na watu wamemzunguka. Spana alijipenyeza mpaka mbele ya kiti cha Bi Mshonaji.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "ni mimi niliyeonyesha namna ya kuinyamazisha kengele."

Bi Mshonaji alimgeuzia sikio lake zima.

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu. Sisikii."

Spana alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara moja ilikuwa imemtosha kabisa. Alijikaza, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Ni mimi, Bibi! Niliwaonyesha wenzangu jinsi ya kuinyamazisha kengele kwa rula! Nilitaka wanisifu! Baba aliniuliza nikamdanganya! Baba hajaiba!"

Machozi yalimtiririka Spana, wala hakuyafuta. Hakuthubutu kumtazama baba yake. Alisikia tu hatua zake zikisogea, zikasimama karibu naye.

"Mwanangu amesema lake," baba alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Na mimi nina langu, ambalo lilitakiwa kutangulia. Ile kasoro ya rula niliijua kabla hajaijua yeye. Niliijua, na bado nikaendelea kuwafungia kengele. Jumanne nilipiga magoti hapa, nikajua kilichotokea, nikanyamaza. Niliona aibu. Nisameheni."

Spana aliinua uso. Hakuwahi kumwona baba yake akiwatazama watu kwa macho yale, macho ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Aibu yake mwenyewe ilikuwa imemuuma, lakini hii ya baba ilimuuma zaidi.

Bi Mshonaji alimgeukia Spana, akauliza kitu kimoja tu.

"Hao wenzako, walimwambia nani?"

Redio, aliyekuwa amejibana mlangoni, alianza kulia. Hakuna aliyemuuliza, lakini akamwaga yote. Alikuwa amekwenda kwa kinyozi na kaka yake, watu wakawa wanapiga soga kuhusu wezi, naye akaona azungumze kama mtu mzima.

"Wote walicheka," alisema akipenga kamasi, "isipokuwa yule kijana anayeuza redio mbovu karibu na stendi. Yeye hakucheka. Aliniuliza rula yenyewe ina urefu gani."

Muuza mkaa alikunjua mikono yake taratibu. Safari ya polisi ikafanyika kweli, lakini kwa ajili ya mtu mwingine. Kabla ya magharibi cherehani ilipatikana chini ya kitanda cha kijana yule, imefunikwa kwa gunia, mpini wa kuzungushia umevunjika. Baba alikesha akitengeneza mpini mwingine. Ijumaa asubuhi Bi Mshonaji aliukamata, akauzungusha mara mbili, akaanza kushona. Wakati wanaondoka ndipo alipomwita Spana.

"Umenikosea," alimwambia. "Sitakuambia kwamba hukunikosea. Lakini umekuja mwenyewe, na umesema mbele ya watu. Kesho njoo unisaidie kutia vifungo, maana nimechelewa siku tatu."

Spana alikwenda Jumamosi, akatia vifungo mpaka vidole vikaota malengelenge. Jumapili ilikuwa siku ya dawa ya kengele. Baba alikata vipande vya bati nene, akavikunja na kuvifanya ala ya kuufunika ulimi, ili rula ikipenya igonge chuma tu. Walijaribu kwa rula, kwa kisu, kwa waya na kwa kijiko. Kila mara kengele ililia. Kisha wakazibeba kengele zote na kushika njia ya nyumba saba.

Njiani baba alisema.

"Mwanangu, nilikuwa nimepanga kukugombeza, nikakuta na mimi nastahili kugombezwa. Sote wawili tulijua jambo moja. Wewe ulilisema kwa watu wasiohusika, wakupigie makofi. Mimi nikalificha kwa watu wanaohusika, wasinione fundi mbaya. Tulikuwa tunatafuta sifa, wewe kwa njia yako na mimi kwa yangu, na Bi Mshonaji ndiye aliyelipia. Kasoro ya mlango anaambiwa mwenye mlango. Anaambiwa mapema, hata kama uso utakushuka. Na nikikuuliza jambo, unipe ukweli, hata ukiwa mchungu."

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe kwa kukudanganya."

"Nimekusamehe. Sasa nyoosha mgongo, tuna kazi."

Katika kila nyumba walibisha hodi, na kila mmoja akasema sehemu yake. Spana alidhani kufika nyumba ya tatu atakuwa amezoea. Wapi! Kila mlango ulikuja na aibu yake mpya. Mwenye nyumba mmoja aliwafungia mlango usoni, ikabidi wabishe tena. Mwingine alimsikiliza Spana mpaka mwisho, akamwambia, "Na ulimi wako nao ufungiwe bati." Spana akajibu, "Ndiyo, mama."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya muuza mkaa. Alisimama mlangoni akiwasikiliza, vumbi jeusi limemjaa kwenye nyusi.

"Fundi," alisema walipomaliza, "yale maneno yangu ya siku ile..."

Akaumauma maneno, yasitoke.

"Tupe kigoda tuifunge," baba alimjibu kwa upole.

Muuza mkaa hakwenda kuleta kigoda. Aliichukua kengele mikononi, akaigeuzageuza, akakipapasa kipande cha bati. Kisha akainama, uso wake ukawa sawa na wa Spana.

"Wewe mtoto, niambie. Sasa hakuna mwizi atakayeipita?"

Spana alimtazama baba yake. Baba alikuwa anatafuta skrubu mfukoni, wala hakuinua macho. Jibu rahisi lilikuwepo, na lingempendeza kila mtu.

"Kwa rula haipitiki, mzee," alisema. "Kwa njia nyingine, sijui. Sijaiona bado. Nikiiona, nitakuja kukwambia wewe kwanza, hata kama nitaona aibu."

Muuza mkaa alimrudishia fundi kengele, akasogea kando, akawapisha waingie.