Gari Jeupe la Viti Vitano

Siku yadi mpya ya magari ilipofunguliwa kando ya barabara kuu, nusu ya Korogwe ilihamia pale. Spika zilinguruma, wauza miwa walikamua juisi bila kupumzika, na bodaboda waliacha abiria wao ili wakatazame magari yasiyokunywa mafuta. Ritha, fundi wa sare za shule kutoka Manundu, alifika akiwa na gauni la kitenge cha njano na kilemba kilichokaa sawasawa. Muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Awadhi, alimkaribisha kwenye usukani wa gari jeupe la umeme.

"Weka rivasi, dada. Kanyaga taratibu."

Ritha akakanyaga. Gari likarudi nyuma bila hata mguno. Mara kofi zito likalia kwenye kioo cha nyuma.

Alishuka mbio. Nyuma ya gari alisimama mwanamume mrefu mwenye mvi chache kando ya masikio, glasi tupu mkononi, shati limelowa juisi ya miwa kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda.

"Samahani kaka! Sikukuona."

"Na mimi sikukusikia. Gari gani hili linanyatia watu kama paka?"

"Umeumia?"

"Lililoumia ni shati."

"Basi lilete nilifue. Mimi ni fundi cherehani, mashati yananijua."

"Nilivue hapa, mbele ya Korogwe nzima?" akauliza, na wote wawili wakacheka mpaka Awadhi naye akacheka asichokijua.

Jina lake lilikuwa Hiza. Alikuwa na karakana ya samani Old Korogwe na watoto wawili wa kiume aliokuwa akiwalea peke yake tangu mke wake alipofariki. Shati lilifuliwa, likapigwa pasi, likarudishwa. Hiza akaja kushukuru, kisha akaja kushukuru tena, na baada ya hapo hakutafuta tena sababu ya kuja.

Simu ya Ritha ikawa inalia kila mchana cherehani inapopumzika.

"Umekula, mama Glory?"

"Nitakulaje na wewe unanipigia kila nikinawa mikono?"

"Basi kata simu ule."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata.

Hiza alipotamka neno ndoa, Ritha hakumjibu kwa bashasha kama alivyotazamia. Aliweka mkasi chini.

"Hiza, mimi nina mama. Yuko Kwamsisi, peke yake, na presha ya macho inamla taratibu. Daktari anataka amwone hapa mjini mara kwa mara, na njia ile kwa pikipiki inamuumiza. Atakayenioa mimi, ananichukua na mama yangu."

"Mama atakuwa na chumba chake," Hiza alisema. "Na gari tutanunua pamoja, tumlete."

Ritha alilala siku ile kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Wakarudi yadi kuchagua. Yalibaki magari mawili ya kulinganisha. Jeupe lilikuwa la umeme mtupu, viti vitano, sakafu tambarare, buti kubwa la kulaza meza ya Hiza bila kuikunja miguu. La bluu lilikuwa na umeme na petroli pamoja, viti saba; chaji ikiisha, injini inashika kazi.

"Jeupe unalichaji nyumbani, asubuhi linakungoja," Awadhi alisema. "Halina oili wala plagi za kubadilisha."

"Umeme ukikatika?" Ritha akauliza.

"Hapo la bluu linakucheka kidogo. Linawasha injini, safari inaendelea."

"Na Kwamsisi? Kwenda na kurudi?"

"Jeupe linafika na kurudi, dada, ila usiwashe kiyoyozi sana kwenye vumbi kule. La bluu halina hofu. Lakini viti vyake vya nyuma kabisa ni vya watoto, na ukivisimamisha buti linakwisha."

Hiza alilizunguka gari jeupe, akapapasa viti vyake kama anavyopapasa mbao iliyopigwa randa. "Hili," alisema. "Linatutosha."

Ritha akahesabu kimoyomoyo. Yeye na Hiza, Glory mwanawe, wavulana wawili wa Hiza. Gari lilikuwa limejaa.

"Na mama?"

Hiza akatazama chini. "Mama atakaa."

"Atakaa wapi? Kwenye buti na meza zako?"

"Ritha, hilo niachie mimi."

"Nikuachie mama yangu? Nieleze tu."

"Siwezi kulieleza sasa. Si wakati wake."

Awadhi akajifanya anafuta kioo. Ritha alikumbuka siku ile moja tu Hiza alipomsindikiza Kwamsisi: alivyobaki nje ya ua, akasalimia huku amegeuza uso, akakataa hata maji. Wakati ule alidhani ni haya za mgeni. Sasa aliona kitu kingine, na kilimchoma.

"Kumbe chumba kilikuwa cha mdomoni," alisema, akajifunga vizuri mtandio wake na kuondoka.

Zikafuata siku mbaya. Simu ililia mchana, akaitazama mpaka ikanyamaza. Alishona mfuko wa kaptula upande usio wake, akafumua, akakosea tena. Glory aliuliza kwa nini baba wa kina kaka haji, akaambiwa akaoge. Mama naye alipiga kutoka Kwamsisi kueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amemwaga uji kando ya kikombe kwa sababu hakukiona.

Kisha Awadhi akapiga. "Dada, shemeji yuko hapa. Anataka kulilipia lile jeupe."

Ritha alifika yadi nyuzi zikiwa zimemganda kwenye gauni.

"Hiza! Kabla hujatoa chochote, nihesabie watu. Kwa vidole. Nisikie kwa mdomo wako ni nani anayebaki."

Hiza akainua mkono uliojaa makovu ya patasi.

"Wewe kwenye usukani. Mama kando yako. Nyuma Glory na wanangu wawili."

"Na wewe?"

"Mimi nina pikipiki."

Ritha akatazama kiti cha usukani, kisha kile cha kando yake.

"Nimelelewa na babu," Hiza akasema kwa sauti ya chini. "Kwetu Wazigua, mama mkwe hugusani naye bega. Humtazami machoni, huli mbele yake, sembuse kubanana naye ndani ya gari milango imefungwa. Ningekuambiaje? Mahari haijapokelewa, nianze kujiita mkwe wa watu? Na wewe umekulia kambi ya mkonge, mlikokaa benchi moja watu wa kila kabila. Niliogopa utanicheka."

"Kwa hiyo uliyemtoa garini ni wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Ritha alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. "Na mimi niolewe na mtu nitakayemwona kwenye kioo cha pembeni, anakula vumbi langu mpaka uzee?"

"Ndiyo heshima niliyonayo, Ritha. Sina nyingine."

Ritha akampigia mama yake, akafungua spika. Hiza akasogea kando, hata sauti ya mama aliiheshimu. Mama, Bi Justa, alisikiliza yote, akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha.

"Adabu hiyo naijua, nimekaa na Wazigua miaka mingi. Marehemu baba yako aliicheka, mimi sikuicheka. Lakini mtoto wa watu avute vumbi kwa ajili yangu? Na mvua ikinyesha? Sipandi gari hilo. Niacheni hapa na macho yangu yanavyokwenda."

Akakata.

Hapo ndipo Ritha alipoogopa kweli. Hakuna kati yao aliyekuwa na ubaya, na bado mama alikuwa anabaki Kwamsisi gizani. Alisimama katikati ya magari mawili, akatazama hili, akatazama lile. Kisha akaufungua mlango wa lile la bluu.

"Ingia nyuma. Kule mwisho."

"Vile ni viti vya watoto."

"Ingia, mpenzi."

Hiza akajikunja, akapenya, akakaa. Magoti yalimfika karibu na kidevu. Awadhi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama atakaa mbele," Ritha alisema. "Katikati wanakaa watoto watatu. Humgusi, na yeye anakupa kisogo."

Hiza akapima kwa macho umbali hadi kiti cha mbele. "Babu angesema nini?"

"Babu yako alipanda gari lini na mkwe wake?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ugomvi, Hiza akacheka, akagonga kichwa kwenye paa. Meza zake zingebebwa na mkokoteni, na harufu ya petroli aliyotaka kuiaga ingebaki. Akalipia la bluu.

Mama alipoelezwa mpangilio huo wa viti, alikubali, wakamfuata Jumamosi. Bi Justa alishikwa mkono mpaka kwenye kiti cha mbele, khanga mbili mpya mwilini, akitazama mbele moja kwa moja kwa sababu pembeni hakuona tena. Watoto walipiga kelele katikati. Kule nyuma, Hiza alijikunja na mabegi ya mama mapajani, macho sakafuni.

Walipoifikia lami, mama akasema, "Ritha, mwambie aliye nyuma, wazee wake waje kwako Jumapili. Nyumba iko wazi."

"Hiza, mama anasema wazee waje Jumapili."

"Mwambie mama nimesikia, nashukuru."

"Mama, anashukuru."

Bi Justa aliinua kiganja, akakisogeza pembeni ya uso wake polepole, akaona pale kinapopotelea. Kilipotea mapema kuliko mwezi uliopita.

"Na mwambie asichelewe. Nataka kuiona harusi."

Ritha alikuwa amekiona kiganja kile, akasahau kuupeleka ujumbe.

"Haitachelewa, mama," Hiza alisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, na akainua macho.