Miezi Sita ya Mjomba

Asubuhi ya Jumamosi, Chiriku alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akaketi kibarazani kushona vifungo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na siku kama hiyo wateja walifika mapema. Zamani kazi ya vifungo waliifanya wawili, yeye na mdogo wake Kitinda, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuvipoteza chini ya kitanda na kumsingizia paka. Sasa Chiriku alishona peke yake, na vifungo havikupotea tena. Jina lake alilipata kwa kupiga domo kutwa nzima. Tangu msiba, majirani walikuwa karibu kuisahau sauti yake.

Kitinda alikufa kwa kugongwa na gari la magodoro akiwa pembeni kabisa mwa barabara, akirudisha chupa ya chai iliyoazimwa kwa jirani. Dereva alikuwa mjomba wao, ndugu pekee wa mama. Alikuwa amelewa.

Mahakamani, wakili alisema Mjomba anategemewa na familia. Hakimu alimtoza faini na kumfungia leseni miezi sita. Mwezi huohuo, hakimu mwingine alimfungia jirani yao, dereva wa mikate, leseni miaka mitatu. Yeye pia alikamatwa amekunywa, lakini hakuwa amegonga hata kuku. Sasa alisukuma mkokoteni wa maji.

"Mama, Kitinda ni wa miezi sita tu?" Chiriku aliuliza siku ya hukumu. Mama alilia hadi sauti ikamkauka.

Jumamosi hii, honi ililia nje. Mjomba aliingia akipunga leseni, shati likimpwaya kwa kukonda.

"Dada, wameirudisha! Twendeni makaburini. Nataka niwapeleke mwenyewe, nikamwombe mpwa wangu radhi."

Mama alisita, lakini damu ni nzito kuliko maji. Alijitanda mtandio, wakaingia garini. Mjomba alipoinama kumfunga Chiriku mkanda, harufu ya pipi ya mnanaa ilimfikia puani. Nyuma ya mnanaa kulikuwa na harufu nyingine.

Aliijua. Zamani waliifanyia mzaha. "Mjomba akionja kidogo ndipo usukani unamtii," watu wazima walisema, na yeye na Kitinda walicheka hadi mbavu zikauma.

Mtoto anawezaje kumwaibisha mkubwa wake? Isitoshe, alimpenda.

"Mjomba," alisema, "umekunywa."

"Mimi? We mtoto, hebu..." Mjomba aliinamisha kichwa. "Kidogo tu. Ya kuondoa woga. Leo ndiyo mara ya kwanza kushika usukani tangu siku ile."

Mama alishuka, akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

"Dada, hakimu ameniruhusu."

"Hakimu hakumzaa Kitinda."

Funguo zilianguka kiganjani mwa mama. Chiriku sasa alikuwa akilia waziwazi. "Dereva wa mikate amepewa miaka mitatu, na hakuua mtu! Kwa nini wewe..."

Mjomba aliketi palepale mavumbini. "Sijui, mpwa wangu. Waliposema miezi sita, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Walikwenda kwa miguu, Mjomba akifuata nyuma kama mgeni asiyekaribishwa. Walifika kaburini. Chiriku alijaribu kumchukia Mjomba, akashindwa. Alijaribu kumsamehe, akashindwa pia.

Jumatatu, Mjomba alirudisha leseni yake ofisi ya trafiki.

"Mbona unairudisha? Kifungo cha leseni yako kimekwisha," karani alishangaa.

"Mlichonipa ninyi ndicho kilichokwisha," alijibu.

Kutoka hapo mama alimsindikiza zahanati, kwa mshauri wa watu wanaotaka kuacha pombe. Kazi ya magodoro Mjomba aliiacha. Dereva wa mikate, ambaye hakuwa na maneno mengi, alimpa upande mmoja wa mkokoteni, wakasukuma pamoja.

Jioni moja Chiriku aliuliza, "Mama, siku ile garini nilikosa adabu?"

Mama alisimamisha cherehani. "Hukukosa. Tuliokosa ni sisi wakubwa, tuliocheka badala ya kumnyang'anya funguo. Mahakama inaweza kumpa huyu miezi na yule miaka. Hiyo si haki, na nitaisema popote watakaponisikiliza. Lakini kosa la Mjomba halikuwa dogo kwa sababu adhabu yake ilikuwa ndogo. Pombe na usukani havikai pamoja, hata hakimu aseme nini. Ukimwona mtu amelewa na anataka kuendesha, sema, hata akiwa mzazi wako. Aibu ya kusema hupita."

"Na ya kunyamaza?"

Mama alimvuta kifuani.

"Hiyo, mwanangu, ndiyo tunayolala nayo."