Kiti cha Mwenyewe

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2013, kengele ya kumwita mhudumu ililia mara moja, ting, ndani ya ndege ambayo betri yake ilikwisha kung'olewa zamani.

Fundi Mkuu, mzee mjane aliyebaki peke yake kuilinda ndege hiyo pembezoni mwa uwanja, hakushtuka. "Nimekusikia," alinong'ona. Tangu afiwe na mkewe, hakuna mwingine aliyekuwa akimwita.

Ndege yenyewe, ya injini tatu mkiani, ilitua hapo mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1971, ikastaafu tarehe 30 Novemba 1998, na muda wote huo haikuwahi kupata ajali. Marubani waliusifu uimara wake. Wapenzi wa ndege za zamani walikuwa bado wanakuja kuipiga picha nje ya uzio. Mafundi walijua zaidi. Kabla ya kila safari walifunga mkanda wa kiti kimoja kitupu cha nyuma, wakasema, "Mwenyewe amekaa." Tarehe 9 Agosti 1983 abiria mmoja mbishi alikikalia. Wote walifika salama. Yeye hakuamka, mwili baridi kama barafu, akinukia marashi ambayo hakujipaka.

Sasa wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamefika. Wakataji, waliposikia kengele, walitupa zana wakamleta mganga. Alifukiza, akasoma, akatoka ndani ya ndege, jasho likimchuruzika.

"Ametoka," alisema kwa sauti ya chini. "Hana makao. Asikaribishwe tena na mtu yeyote. Umenielewa, mzee?"

"Nimeelewa," alijibu Fundi, na moyo ukamwuma kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Binti yake alikuwa akimngoja garini. "Basi, Baba. Umelilinda bati hili kana kwamba umelioa! Leo unahamia kwangu."

"Usiliite bati. Halijamwangusha mtu."

"Haya, nisamehe, nimemtukana mama wa kambo. Panda."

Alipanda mbele, misumeno ikianza kulia nyuma yake, machozi yakimlenga, na mkono wake, uliozoea kazi moja ujana wake wote, ukanyooka wenyewe hadi kwenye kiti kitupu cha nyuma, ukavuta mkanda, ukaufunga, na kabla akili haijauwahi ulimi akawa amekwisha kutamka, taratibu, kama alivyotamka kabla ya kila safari: "Mwenyewe amekaa."

Gari likajaa marashi.

Ting.

"Kitu gani hicho kinalia?" aliuliza binti, akiondoa gari.

Fundi alijipinda kuufungua mkanda. Kifungo kilikuwa baridi hadi kikamng'ata vidole, wala hakikufunguka.

"Simamisha gari, mwanangu."

"Tutachelewa, Baba. Tunampitia mjukuu wako shuleni. Na uache huo mkanda. Hicho ndicho kiti chake."