Kiatu cha Mwaka Kesho

Wazazi wenzangu, hebu wekeni kando mlichoshika mnisikilize. Haya yalitokea mtaani kwetu, na aliyepatwa nayo si mzazi mvivu wala mlevi. Ni fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, ambaye mikono yake inasifiwa na kila mtu.

Sifa yake kubwa ilikuwa pindo. Ukimpelekea kitambaa cha sare ya mtoto, alikuachia pindo la vidole vinne kwa ndani, ili mtoto akirefuka ufumue na kushusha. Sare moja ilivaliwa miaka mitatu. Ndiyo maana tulimwita Mama Pindo, naye jina hilo lilimpendeza.

Asubuhi hiyo nyumba yake ilikuwa shwari. Chai ilikuwa mezani, redio inaimba polepole, na bintiye wa miaka sita, tuliyemwita Kidoti, amekaa kwenye kigoda ananyoosha miguu avalishwe viatu. Alikuwa ameanza kuvivaa wiki iliyotangulia. Vilikuwa vizuri, vyeusi, vinang'aa, ila vilikuwa vya mtoto wa miaka tisa. Mama alikuwa amejaza mabaki ya vitambaa kule mbele. Vilipozidi kumchomoka, alishonea kila kiatu mkanda wa kuzunguka kifundo cha mguu, kwa uzi mnene wa jinzi, akarudia mara tatu. Akajiona ana akili kuliko waliovitengeneza.

"Mama, vinanivuta nyuma."

"Utavizoea tu. Mwaka kesho vitakukaa sawasawa."

"Na mwaka huu je?"

Mama Pindo akacheka, akafunga kifungo cha mkanda.

Nje, fundi viatu wa jirani alikuwa anafungua kibanda chake. Akamtazama Kidoti akiburuta miguu.

"Dada, mtoto anatembea kama bata. Mguu hauna pindo, mlete nimpime."

"Kaka, wewe gonga soli zako, mwanangu niachie mwenyewe," akajibu Mama Pindo, wakacheka wote wawili.

Siku hiyo alikuwa na furushi la sare kichwani la kupeleka shuleni, na mkasi wake ukining'inia shingoni kwa utepe, kama kawaida yake. Alitembea haraka. Shule iko ng'ambo ya reli, na pale pa kuvukia pamewekwa mbao katikati ya vyuma. Alivuka, akasema bila kugeuka, "Kaza mwendo, tutachelewa!" Hakusikia viatu vikiburutwa nyuma yake. Akageuka.

Kidoti alikuwa amesimama katikati ya reli, mguu mmoja haunyanyuki. Ile ncha ndefu ya kiatu, isiyokuwa na kidole ndani, ilikuwa imezama kwenye upenyo kati ya chuma na ubao.

"Mama, kimenasa."

Ndipo honi ya treni ikalia kutoka kwenye kona.

Furushi lilianguka. Mama Pindo hakumbuki alivyofika pale, anakumbuka magoti yakigonga chuma, na chuma kikitetemeka. Akavuta kiatu, hakikutoka. Akavuta mguu, mtoto akapiga kelele, mkanda umemkaba kifundo. Kifungo kilikuwa kimegeukia chini, kimebanwa na ubao, hakifikiki.

"Mama, mama, linakuja!"

"Nitazame mimi, usitazame huko!"

Akashika mkasi. Alikata mara ya kwanza, uzi ukagoma. Akakata tena, mishono miwili ikaachia, wa tatu ukabaki. Alikuwa ameushona vizuri mno, kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alikuwa anaulaani. Dereva alishikilia honi bila kuachia. Breki zililia, lakini treni haisimami kama baiskeli. Akakandamiza mkasi kwa mikono yote miwili, mkanda ukakatika, akamkumbatia mtoto na kujitupa pembeni kwenye kokoto.

Mabehewa yalipita moja baada ya jingine. Alimlalia mwanawe, akipapasa miguu yake kuhakikisha iko miwili, akihesabu vidole, akirudia kuhesabu. Treni iliposimama mbele huko, kilichobaki kwenye reli kilikuwa kipande cha ngozi na mabaki ya vitambaa.

Kwenye zahanati muuguzi alimvua Kidoti soksi. Kifundo kilikuwa kimeteguka na kuvimba. Kisigino kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na soksi ilikuwa imeganda damu ya siku kadhaa.

"Mbona hukuniambia unaumia hivi?" Mama Pindo aliuliza, akilia.

"Nilikuambia vinanivuta," alisema Kidoti. "Ukacheka."

Wiki tatu baadaye kifundo kilipopona, walikwenda kwenye kibanda cha jirani. Fundi viatu hakusema "si nilikuambia." Alimsimamisha Kidoti kwenye karatasi, akachora mguu kwa penseli, naye mama akaushika mkono wa mwanawe muda wote. Mpaka leo honi ikilia huyu mama huacha kukanyaga cherehani, na hakanyagi tena mpaka treni ipite.

FUNZO

Wazazi, kiatu cha shule ni cha mguu wa leo. Kikizidi, mtoto hujikwaa, huanguka na kunasa. Kikibana humuumiza vilevile, na ndala zinazoteleza si salama kwa safari ya kila siku. Mpime mtoto akiwa amesimama: mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ndogo ya kuchezesha vidole, kisigino kisichomoke, na kiatu kiweze kuvuliwa upesi. Kiatu kilichotumika lakini kinachomkaa vizuri ni bora kuliko kipya cha mwaka kesho. Na mwanao akikuambia kinamsumbua, usicheke. Inama, kivue, utazame mguu wake kabla hajatoka mlangoni.