Mkebe wa Tangawizi

Nina miaka ishirini na tisa. Mkiniuliza kama nina mume, sijui niwajibu nini. Khamis wangu, dereva wa jeshi, aliondoka na lori mwaka huu wa 1979 vita vilipokaribia, na mpaka leo sijasikia habari zake. Lakini sikushika kalamu ili niwalilie vita, wasomaji wenzangu. Vita kila mtu ana vyake vya kusimulia. Mimi nataka kuwaambia habari ya mkebe mmoja wa bati, na ya huu mdomo wangu.

Wanaonijua Koboko watawaambia Hawa ana mdomo. Kweli ninao! Nilizaliwa Arua, kwa Wanubi, na kwetu mwanamke asiyejua kujibu huonewa hata na kuku. Khamis alinioa nikiwa na miaka kumi na tisa, akanipeleka Koboko kwa mama yake. Mama huyo sote tulimwita Haboba, ndivyo tunavyosema bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, ana pumu, lakini kwenye kahawa... we! Vikombe vitatu kila siku baada ya swala ya adhuhuri, tangawizi tele, kali mpaka machozi. Hakuwa na starehe nyingine duniani.

Mungu hakunijalia mtoto. Mwaka wa tano Khamis akaoa mke wa pili, Zaitun, msichana wa Ludara. Nilijiandaa kugombana naye, nikashindwa. Aliniita dada. Aliniachia kazi ya kahawa, maana alijua ni yangu na najivunia. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

Mwaka 1976 nilikuwa natoka harusini Arua. Tulipanda lori la tumbaku, tukakaa juu ya mizigo tukiimba. Tairi likapasuka... Nilipozinduka, paja langu lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

Nililala miezi mitatu hospitali, kule Kuluva, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Siku ya kutoka, nesi alinipa pakiti ya vidonge thelathini vya kodeini. Alinieleza taratibu, hata akanitaka nirudie maneno yake. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Maumivu yakipungua, punguza. Usinywe na pombe. Usimpe mtu hata kimoja. Vikibaki, virudishe. Vikiisha na bado unaumwa, njoo mwenyewe tukuone. Nikarudia yote kama mtoto wa madrasa. Nikaenda nyumbani nikafanya kinyume chake.

Sikilizeni ilivyokuwa. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, nyumba haifungwi. Majirani walikuja na chetezo cha ubani, wakatandika mikeka, wakatoa ukindu wao wakawa wanasuka na kupiga soga kuanzia asubuhi. Na kila mmoja ana ugonjwa wake! Huyu jino, yule mgongo, yule tumbo la mwezi. “Hawa, dawa ya hospitali iko? Nipe moja tu, mimi nakufa!” Utamnyima mgeni aliyekuletea ubani? Utaitwa mchoyo mpaka unazikwa. Siku mbili tu, vidonge saba vikawa vimekwenda.

Basi nikajiona mjanja. Nilichukua vidonge vilivyobaki, nikavitia kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu, nikatwanga mpaka vikawa unga mmoja. Nikauweka unga ule kwenye mkebe wa bati, nyuma ya mtungi, mbali na tangawizi ya kahawa. Wageni wakiuliza, najibu vimekwisha. Wanaona mkebe wa tangawizi, nani aombe tangawizi? Nilijipongeza, jamani. Nilicheka peke yangu!

Kumbe nilikuwa nimejifungia ndani na ufunguo nimeutupa. Kidonge unakihesabu. Unga utauhesabu vipi? Leo nachota kwa ncha ya kijiko, kesho nusu kijiko, keshokutwa mkono umekuwa mzito najaza. Na mguu ulianza kupona, lakini unga ule ulinituliza na mengine. Nilikuwa nachechemea. Nilikuwa sina mtoto. Na Zaitun alikuwa ameanza kutapika asubuhi... Nikilamba kijiko changu, yote hayo yanakuwa mbali.

Mkebe uliisha kabla ya wakati wake. Siku ya pili nikaanza kupiga miayo na chafya, jasho jembamba, tumbo linaendesha, miguu inarukaruka yenyewe kitandani. Nikasema ni malaria. Haboba mwenyewe alinipikia uji, akanikanda kwa maji ya moto, akaniombea dua. Mikono ile! Na mimi moyoni nilikuwa nikifikiria mkebe tu.

Kuluva ningerudi? Nesi angeniuliza vidonge vimekwenda wapi. Niliona aibu. Nikamwendea mtu wa magendo sokoni, aliyekuwa akivusha dawa kutoka Zaire. Vidonge vyake havikuwa na pakiti wala jina, vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Nguvu zake sikuzijua. Bangili zangu za harusi zikamfuata moja moja. Nikavitwanga na tangawizi vilevile, maana sasa nilikuwa nawaficha watu wote, hata waliokuwa hawaombi.

Mnajua maana ya kufungwa bila pingu? Mama yangu mzazi aliugua Arua, nikaenda kumwona nikarudi siku hiyohiyo, kwa sababu mkebe ulikuwa Koboko. Nikisikia mtu anagusa vyombo nyuma ya mtungi, moyo unaruka. Nikiulizwa mbona nasinzia, nafoka. Mguu unaniuma! Hamnionei huruma? Wakaogopa kuniuliza. Hata ule mdomo wangu niliokuwa nasifiwa nao, sasa kazi yake ilikuwa kuulinda mkebe.

Mwaka 1977, mwezi wa Ramadhani, Zaitun alijifungua mtoto wa kike. Ilipopita arobaini akataka kulipa funga ya siku alizokula. Haboba angemkatalia, maana mtoto bado mchanga. Kwa hiyo alianza kulipa kimyakimya, akaniambia mimi tu. “Dada, usimwambie Haboba. Siku mbili tatu tu, halafu napumzika.” Nikamwahidi.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala chumbani, nimeshalamba kijiko changu. Haboba alirudi kutoka sokoni kachoka, akaitaka kahawa yake. Zaitun akaona nimelala, akasema ataipika yeye. Akaja mlangoni akauliza, “Dada, tangawizi iko wapi?”

Na mimi, macho yamefumba, ulimi mzito, nikajibu, “Iko... nyuma ya mtungi.”

Nilisema mimi! Kwa kinywa changu!

Nilipoamka nikatoka uani nikichechemea. Haboba alikuwa ameegemea ukuta, kikombe cha tatu kitupu mkononi. Alikuwa ameisifu sana kahawa ile, Zaitun aliniambia, kwamba leo iko chungu vizuri. Kisha nikauona mkebe kwenye mkeka, wazi, na kijiko cha kupikia ndani yake.

Haboba alikuwa anakoroma. Wasomaji, haukuwa mkoromo wa usingizi. Anavuta pumzi, kimya... unahesabu... kimya... halafu anavuta tena. Nikamfunua jicho, mboni imekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Nilijua. Nilijijua mwenyewe pale.

Zaitun akasema anaona kama hapumui sawa, akimbie kwa jirani mwenye gari tumpeleke hospitali? Ningesema neno moja tu. Hospitali wana namna ya kumsaidia mtu kama yule, nimekuja kuambiwa baadaye. Lakini hospitali wangeuliza amekunywa nini. Wangeuchukua mkebe. Nikamwambia, “Muache alale. Mzee amechoka.”

Midomo yake ikabadilika rangi. Kabla ya magharibi Haboba wetu alikuwa amekufa.

Mnataka kujua nilifanya nini wanawake walipokuwa wakimwosha? Nililia, ndiyo. Nililia kweli. Lakini kwanza niliuchukua mkebe nikauficha chini ya nguo zangu.

Matanga hayakuwa yamekwisha, maneno yakaanza. Nani alipika kahawa? Zaitun. Mbona yeye hakunywa hata tone? Zaitun, mtoto kifuani, akasema, “Mimi nilikuwa nafunga. Dada Hawa anajua! Tangawizi pia, yeye ndiye alisema iko nyuma ya mtungi.”

Watu wote wakanigeukia. Khamis naye, aliyekuwa amefika kutoka kambini na macho mekundu.

Nikasema, “Sijui anasema nini. Mimi nilikuwa nimelala.”

Funga yake ndiyo niliyoifanya kitanzi chake. Khamis akampa talaka tatu mbele ya watu. Na zama zile, mtu akisemwa katia sumu kwenye nyumba ya askari, kuachwa tu ilikuwa ni bahati. Kaka yake Zaitun alikuja na baiskeli kumchukua. Alikaa nyuma na mtoto na kitita cha nguo, akaniangalia mpaka kona. Sikuangalia pembeni. Mnajua kwa nini? Nilikuwa nimeshalamba kijiko, sikuhisi kitu.

Karibu miaka miwili nikaishi hivyo, katika nyumba ya mtu niliyemuua, na ya mtu niliyemfukuza. Kahawa sikupika tena. Watu walisema, masikini Hawa, bado anamlilia mkwe wake.

Vita vilipofika kwetu, kila mtu alikimbilia mpakani. Mtu wa magendo alikuwa ametoweka na mkebe ulikuwa mtupu. Nilitembea na kundi la watu siku mbili kwa fimbo, natapika, najichafua, miguu inakataa. Kundi likaniacha. Nikaanguka kando ya shamba la mihogo, sijui hata ni wapi. Mwanamke akaja, akaninyanyua, akaniita, “Dada.”

Palikuwa Ludara. Alikuwa Zaitun!

Siku sita aliniosha. Alinipa uji na maji yenye chumvi na sukari. Alinishika miguu iliporukaruka. Hakuuliza chochote. Binti yake, ambaye sasa alikuwa anakimbia, aliniletea maji kwenye kibuyu na kuniita mama mkubwa. Nani alimfundisha kuniita hivyo?

Siku ya saba akili iliponirudia nikamwambia yote. Mkebe, unga, kahawa, kila kitu. Nikangoja anipige. Aliendelea kumenya muhogo. Kisha akaniuliza jambo moja tu: “Ule mchana, mimi nikisema twende hospitali... wewe ulikuwa unajua?”

Nikasema ndiyo.

Kisu kikamponyoka. Akaita kaka zake, mama yake na majirani, wote waliokuwa wakimwita mke wa sumu kwa miaka miwili. Akaniambia, “Sema tena. Sema yote.” Nikasema. Niliposema kwamba Zaitun siku ile alikuwa amefunga kweli, mama yake alipiga yowe akakaa chini mavumbini.

Zaitun alinifungia muhogo wa njiani, akanionyesha njia ya mpakani. Hakuniita dada tena. Mtoto alitaka kunipungia mkono, mama yake akaushusha.

Sasa niko ng'ambo ya mpaka, mwezi wa tano bila kijiko. Bado nautamani unga ule, siwadanganyi. Nawasihi, wenzangu. Dawa ya maumivu ni dawa, mimi ilinisaidia paja liliponiuma. Iacheni kwenye pakiti yake na jina lake. Hesabuni. Msitwange, msichanganye na chakula, msigawe hata kwa mgeni aliyekuja na ubani, heri muitwe wachoyo. Ikiisha na bado mnaitaka, rudini kwa aliyewapa mkaseme ukweli, mtapunguziwa taratibu. Na mtu akilala usingizi usioeleweka, pumzi zinakatika, kimbieni naye na mseme alichokunywa. Semeni hapohapo!

Mimi, Hawa mwenye mdomo, nilikuwa na neno moja la kusema mchana ule, na Haboba alikuwa bado anapumua.