Jina Lililofutwa kwa Pamba

Asubuhi hiyo gundi ilinuka kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

Fundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji safi, kama kawaida yake katika maktaba ile ya watafiti, iliyojaa vitabu vya historia ya Uislamu na ya dola ya Uthmaniya. Kazi yake ilikuwa kuviponya vilivyozeeka. Akamwita mkutubi, mdogo wa mumewe, aje anuse.

"Shemeji, leo mswaki umeukimbia?" mkutubi akamtania. Kisha akainamia sufuria, na utani ukamwisha.

Gundi ikamwagwa. Lakini kabla ya adhuhuri rafu zikaanza kutoa sauti, kama mtoto anayelamba sahani. Kila kitabu walichokitoa kilikuwa na kingo zilizolowa ute mzito wa uvuguvugu, unaovutika kama kamasi.

Akidhani bomba limepasuka, fundi alitia mkono nyuma ya rafu akapapasa. Kitu laini chenye vipele kikamzunguka kidole, kikanyonya gundi iliyokaukia ukuchani, kikahamia kidole cha pili bila haraka. Alipouchomoa mkono, ncha za vidole zilikuwa nyeupe, nyororo, hazina hata mstari mmoja. Akagusa karatasi. Hakuhisi kitu.

Hilo lilimtisha kuliko ute. Fundi wa karatasi huona kwa vidole. Asiyeuhisi ukurasa ataupasua. Na kazi nyingine hakuijua.

Mkutubi akaenda kumleta mganga wa majini, mama mnene asiyependa maneno mengi. Mganga aliuliza ni kitabu gani kilichotengenezwa mwisho. Akaonyeshwa kimoja cha safari za kadhi wa zamani. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mtupu.

"Hapa palikuwa na nini, mwanangu?"

"Mikwaruzo ya wino tu, mama. Nilidhani mtu alikuwa akijaribu kalamu. Nikaifuta kwa pamba yenye maji."

Mganga alifumba macho. Akawaeleza polepole kwamba wanakili wa kale waliandika mahali hapo jina la jini, mfalme wa wadudu, ili awazuie mende na mchwa wasile kitabu. "Aliyeandikwa ana kazi," akasema. "Aliyefutwa ana njaa. Mrudishe kazini kwa mkono uliomfuta, na kwa wino wake."

"Wino gani, mama?"

Mganga akautazama ute uliokuwa ukichuruzika rafuni.

Fundi akachovya kidole, na huku mganga akimnong'oneza herufi moja moja sikioni, akaanza kuandika, na ute ukapanda kiganjani, ukazunguka kifundo cha mkono, ukinuka ngozi kuukuu na meno yaliyooza, na matapishi yakamjia mpaka kooni akayameza, yakaja tena akayameza tena, maana tone moja la matapishi lingedondoka ukurasani lingekuwa chakula cha jini, na nyuma ya rafu kulamba kulikuwa kumegeuka kuhema, karibu kabisa na shingo yake, mpaka herufi ya mwisho ikakamilika.

Kimya.

Ute ukakauka ukawa maganda. Mistari ikarudi kwenye ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine.

"Ninahisi," fundi akasema, machozi yakimtoka. Mkutubi akacheka kwa faraja, akasema kaka yake angemlaumu yeye kwa yote haya.

Fundi akaugusa ukurasa. Haukuwa na ukavu wa karatasi. Ulikuwa na joto, na unyevu, na vipele vidogo, nao ukasogea. Akashika meza. Meza nayo ikamlamba.

Akamgeukia mganga, ambaye tayari alikuwa akijifunga mtandio.

"Kuhisi amekurudishia," mganga akasema kwa huzuni. "Kama ni kuhisi kwako au kwake, mimi sina mamlaka ya kumuuliza."

Jioni mumewe alisimuliwa yote. Aliuchukua mkono wa mkewe kwa upole, akauweka shavuni pake ili kumliwaza. Fundi hakuutoa. Alimtabasamia mumewe, meno ameyauma, huku shavu lile likimlamba kiganja taratibu, kuanzia kifundo mpaka kucha.