Sentimita Tatu kwa Siku Tatu

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Kombo alikanda udongo mwekundu akaziba ufa wa sebuleni. Ijumaa iliyofuata ufa ulikuwa umefunguka tena. Mkewe, Kijakazi, alifagia haraka alipofika pale. Hakutaka kuutazama.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, juu ya bonde, katika milima ya Amani. Waliijenga kwa miaka kumi na moja. Chini yake palikuwa na shamba lao la iliki. Nyuma, penye mkarafuu, palikuwa na kaburi la Sabra, mtoto wao wa kwanza, aliyefariki akiwa na miaka minne. Watoto watatu waliobaki walilala chumba cha upande wa bondeni.

"Ni ufa tu," Kombo alisema. "Nyumba gani haina ufa?"

Alisema hivyo, lakini moyo wake haukutulia. Alichomeka vijiti viwili uani, akafunga uzi kati yake. Mlima ukisogea, alisema, uzi utakatika. Mvua za masika zikanyesha wiki tatu, na uzi haukukatika. Kombo akaanza hata kupiga mluzi. Kijakazi hakupiga mluzi. Mlango wa jikoni ulikuwa haufungi tena.

Siku moja akaja Anastazia, mpima ardhi wa wilaya aliyetumwa kukagua miteremko, binti wa Kibondei mwenye buti zilizojaa tope.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," Kijakazi aliitika. "Karibu."

Kombo alimwonyesha uzi wake kwa fahari. Anastazia aliuvuta kidogo kwa kidole.

"Baba, vijiti vyote viwili umevichomeka kwenye udongo mmoja. Udongo huo wote ukisogea, vinasogea pamoja. Watu wawili wakilala kitandani na kitanda kikasukumwa, wao hawaachani, au siyo?"

Kombo aliukusanya uzi wake. Hakupiga mluzi tena.

Anastazia alipigilia kibao cheupe kwenye ukuta wa mbele. Kisha alivuka bonde, akasimamisha chombo kidogo cha miguu mitatu juu ya mwamba. Kijakazi alimfuata.

"Hiki ni kipima umbali cha leza," Anastazia alieleza. "Mwamba huu hauendi popote, ndiyo maana nimekiweka hapa. Kinatoa mwanga mwembamba, ulionyooka. Mwanga unagonga kibao na kurudi. Kasi ya mwanga tunaijua. Chombo kinapima muda wa kwenda na kurudi, kisha kinakokotoa umbali. Usiuchungulie tu mama, unaumiza macho."

"Wanakitumia na wengine?"

"Wengi. Mafundi wanapima vyumba bila kushika futi huku na huku. Bandarini kinaweza kuonyesha meli imebakiza mita ngapi kufika gatini. Viwandani kinapima nafaka ndani ya ghala refu, mtu asipande."

Chombo kiliandika mita arobaini na moja kamili. Kijakazi alikariri namba hiyo njia nzima ya kurudi.

Siku ya pili ukungu ulifunika bonde. Chombo hakikusoma kitu, kwa kuwa mwanga ulitawanyika ukunguni. Siku ya tatu jua lilitoka. Kijakazi akafua, akaanika, akavuka kwenda kwa Anastazia. Chombo kiliandika mita thelathini na nane.

Kijakazi aliisoma namba ile mara mbili. "Yaa Rabi! Nyumba imekuja mita tatu?"

Anastazia alitazama ng'ambo, akacheka. "Mama, kanga yako hiyo! Umeianika mbele ya kibao."

"Kumbe kinakosea!" Kijakazi alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alifurahi. "Kinadanganya hiki!"

"Hakikukosea. Kinapima kitu cha kwanza mwanga unachogonga. Mwambie baba aiondoe."

Kijakazi alipaza sauti. Kombo akaanua kanga. Anastazia akabonyeza tena, na kicheko kikamwishia.

"Mita arobaini, sentimita tisini na saba."

"Pima tena."

Alipima tena. Ikawa ileile.

"Pima tena, mwanangu. Tafadhali."

Mara ya tatu ikawa ileile. Nyumba ilikuwa imesogea sentimita tatu kwa siku tatu, na masika yalikuwa bado hayajaisha.

"Hameni leo," Anastazia alisema kwa upole. "Msingoje kesho."

"Na Sabra? Nimwache na nani?"

Kijakazi alikaa juu ya mwamba akalia kwa sauti, bila kujificha. Alikichukia kile chombo. Alimchukia na binti wa watu aliyekileta.

Walihama alasiri ileile, kwenda Maramba kwa Luqmani, kaka yake Kombo. Kombo aling'oa bati chache tu, akaacha nyingine. Kijakazi alimsomea Sabra Fatiha.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, mteremko uliporomoka. Nyumba, iliki, mkarafuu na kaburi vyote vilishuka bondeni. Chumba cha watoto ndicho kilichotangulia. Hakuna mtu aliyeumia.

Anastazia aliwafuata Maramba. Alisimama mlangoni kama mwenye kosa.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Kijakazi aliuliza. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nyumba sina. Shamba sina. Kaburi la mwanangu sijui liko wapi, na sitalijua mpaka nife. Wewe hukuyafanya hayo. Wewe ulinipimia tu."

Kisha akageukia uani, akaita kwa sauti iliyokauka. "Rama! Najat! Nasri!"

Rama akaitika. Najat akaitika. Nasri, mdogo wao, alichelewa kidogo, na Kijakazi akasimama, mkono kifuani, mpaka naye alipoitika.